Kuku wa Mkono wa Baba

Watu wakisikia kwamba baba yangu ana mikahawa ya kuku wa kukaanga, tena zaidi ya mmoja, huniangalia upya kuanzia viatuni. Wanadhani nimelelewa kwenye makochi ya ngozi. Mimi huwaacha wadhani, maana kuwaeleza ni kazi. Baba yangu anachinja, na sisi wengine wote tunaishi kwa saa ya kuchinja kwake. Huo ndio utajiri wetu.

Baba na mama walikulia Bukavu, wakaoana huko huko, wakavuka mpaka kurudi Kamembe, upande wa Rwanda, mimi nikiwa mgongoni. Baba akafanya kazi aliyoijua. Alikaa pembeni ya soko, na akina mama wa Kiislamu wakimletea kuku wao wakiwa hai, anawachinjia, wanarudi nao nyumbani. Mama akaona hawa kuku wanapita tu mbele yetu bila kutuachia kitu. Akatafuta karai kubwa, jiko la makaa na meza moja, akaanza kukaanga karibu na gare, pale mabasi ya Kigali yanapopakia. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili ya kwetu, nyama inalala humo kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka siku ya pili. Abiria walinunua wakiwa wamesimama, mafuta yanawatiririka mpaka kwenye viwiko. Waliokuwa wakienda Bukavu wakanunua, waliokuwa wakirudi nao wakanunua.

Tungebaki hivyo, na labda tungekuwa na raha, kama isingevuma habari kwamba mkahawa fulani mjini unauza kuku wa boksi, wale wa barafu, ambao hakuna anayejua wamechinjwa na nani wala wapi. Sijui kama ilikuwa kweli. Baba naye hakujua. Lakini Ijumaa ile, watu wakitoka kuswali na kutafuta viatu vyao, alisimama mlangoni mwa msikiti akapaza sauti.

“Bandugu, kwangu miye, kila kuku munaona mu sahani, ni mukono yangu njo ilimuchinja. Siku mutakuta ule sikuchinja miye, mukuye munimwangie sahani mu uso!”

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Siku hiyo mama alimaliza kuku wote kabla ya magharibi. Na hakuna aliyekuwa amemwomba baba aseme maneno yale. Dini inataka Mwislamu yeyote mwenye akili zake ataje jina la Mungu na achinje inavyotakiwa, basi. Imamu mwenyewe alimwambia hivyo baadaye, kwa upole: “Mzee, umejifunga bure.” Baba akajibu kwamba hajajifunga, ametangaza. Alifurahi sana na tangazo lake, hata akamwita mchoraji wa vibao akaliandika kwenye ukuta wa nyuma ya meza ya mama kwa rangi nyekundu: Kila kuku, mkono wa mwenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa Bukavu kwa mama mkubwa, dada yake mama, nasomea uongozi wa biashara. Nilirudi na cheti changu nikiwa na maneno mengi mdomoni. Baba akanisikiliza kama anavyosikiliza redio, kwa kutikisa kichwa huku akifanya kazi nyingine, kisha akanikabidhi kila kitu isipokuwa kuchinja. “Weye fanya ile ya masomo,” alisema. “Damu niachie.”

Basi nikafanya ile ya masomo, na nilifanya vizuri, sioni haya kusema. Nilitaka vipande vikatwe sawa, anayelipa leo asile paja na kesho apewe shingo kwa bei ile ile. Nikafundisha wakaangaji kutazama povu: mafuta yakianza kutoa povu jembamba linalopanda juu, hayo yamechoka, yamwagwe, hata kama bosi anasema bado. Kila mkaangaji mpya alikaa na mama mpaka mama mwenyewe achoke kumsahihisha. Tukafungua tawi la pili kwenye barabara ya uwanja wa ndege, na hilo ndilo lililotupa jina. Watu wanaoruka kwenda Kigali walinunua kuku wa kupelekea ndugu zao, wakapanda nao. Nasikia ndege nzima hunuka tangawizi, na abiria wenye njaa huwachukia abiria wetu. Kisha tukafika Ruhwa, mpakani na Burundi, kule chini kwenye joto, ambako madereva wa malori na akina mama wa mpakani hawana muda wa kupika na wanapenda kula vizuri.

Ukuta ule wa maandishi mekundu baba aliutaka kila mahali. Nilimwambia, “Papa, ku meza moja ile neno iko muzuri. Ku matawi matatu itakuwa kamba.” Akacheka, akasema shule imenitia woga.

Sasa nieleze kamba yenyewe ilivyokuwa. Kuku wa matawi yote walichinjwa nyuma ya nyumba yetu, kwenye kibanda cha saruji alichokikubali daktari wa mifugo. Alfajiri, baada ya sala, baba anachinja wa mchana. Alasiri anachinja wa jioni. Katikati akina mama wa kunyonyoa wananyonyoa, mimi nasimamia ukataji, ndoo zinajazwa, gari la Ruhwa linapakiwa barafu na kuteremka bondeni. Anamaliza mzunguko mmoja, mwingine unamgonga mgongoni. Hakuna siku ya kupumzika, kwa sababu hakuna siku ambayo watu hawali. Jumapili Wakristo wanatoka kanisani na familia nzima, sikukuu ndiyo usiseme.

Na watu walimpigia simu! Hilo ndilo lililonichosha kuliko kuku. Mtu ameketi Ruhwa, sahani iko mbele yake, anachukua simu: “Mzee, ya leo ni weye?” Baba anajibu kwa fahari, “Ni miye, kula bila wasiwasi.” Wengine wao walikuwa Wakristo tena, haliwahusu hata kidogo, lakini walishazoea. Walisema mkono wa Mzee una utamu wake. Upuuzi mtupu. Utamu ni wa ndoo za mama, lakini mama hakuna aliyemwandika ukutani.

Nyumba yetu ikawa mahali pa kuku. Matenga sebuleni wakati wa mvua, manyoya kwenye pazia, manyoya kwenye chai. Mimi mwenyewe nilinuka mafuta. Nilioga kwa sabuni ya kila aina, nikajipaka manukato, lakini nikivua kitambaa cha kichwa harufu ilikuwa pale pale inaningoja. Asubuhi nipo gare, mchana uwanja wa ndege, nikirudi nasikia mkaangaji wa Ruhwa kagombana na mteja, nateremka Ruhwa. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanafanya kazi za ofisini, jioni wanafunga mlango. Mimi sikuwa na mlango wa kufunga. Nilikuwa naitwa mkurugenzi na sikuweza hata kuugua.

Mwanamume wangu nilimpata kwa sababu ya sare. Nilivuka daraja kwenda Bukavu kununua kitambaa cha kuwashonea wafanyakazi, nikaingia duka moja, na jambo la kwanza lililonipata ni harufu. Vitambaa vipya, vilivyokunjwa, harufu kavu na safi. Nilisimama tu nikavuta pumzi. Mwenye duka, kijana aliyerithi duka hilo kwa baba yake, akaniuliza, “Maman, unatafuta rangi gani?” Huko kila mwanamke ni Maman, hata kama bado yuko kwao. Nikamwambia sijui. Akanionyesha vitambaa mpaka duka zima likawa chini. Hakuharakisha kipimo, hakuinua sauti, hakuna kilichoungua nyuma yake. Nilirudi tena juma lililofuata nikidai kwamba kitambaa hakikutosha.

Nilimpenda, na ninalisema hilo wazi ili nisije nikaeleweka vibaya. Lakini nitasema na la pili: nilitaka kuondoka. Ndoa ile ilikuwa mlango wangu. Nitaishi ng'ambo, katika nyumba isiyo na tenga hata moja, nitakaa dukani na kupima kitambaa, na jioni tutafunga. Baba atatafuta mkurugenzi mwingine, vijana wenye vyeti wamejaa mjini. Nilimwambia mchumba wangu hayo yote. Alinisikiliza akacheka, akasema, “Utapumuzika, Maman. Kwangu utapumuzika.”

Posa ikaja, baba akakubali bila taabu. Alimpenda kijana. Mchumba wangu alikuwa akivuka daraja mapema, mara mpaka unapofunguliwa, anakuja kuniona, na mimi nikiwa bado nahangaika na ndoo alikwenda kukaa na baba kwenye kibanda. Nilimkuta mara nyingi ameketi juu ya tenga lililopinduliwa, mikono ya shati imekunjwa, anamshikia baba kuku na kumuuliza maswali. Wanakula nini? Mnawatoa wapi? Watu wa Burundi wanapenda pilipili? Baba alieleza kwa raha, maana hakuna mtu nyumbani aliyekuwa bado anamuuliza kitu. Nami nilishukuru. Nilijua wakwe wengine wanavyotazamana kama paka.

Kilichokataa ni tarehe. Sikukuu ya Kuchinja ilikuwa karibu, baba akasema tuivuke kwanza. Tukaivuka. Likaja kusanyiko kubwa la watu wa kanisa mjini, wakataka chakula, akasema tulivuke. Ikaja Krismasi. Mimi nilikuwa nahesabiwa miaka na shangazi zangu, yeye anahesabu kuku. Kila nilipomwomba baba amwachie baba mdogo achinje hata siku moja tu, aliniangalia kana kwamba nimetukana.

Tuliwahi kujaribu, tena si kwa hiari. Baba alishikwa na malaria, akawa anatetemeka chini ya mablanketi, hawezi kushika hata kikombe. Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, mtu wa sala tano, akachinja. Kuku wakaenda Ruhwa kama kawaida. Mama mmoja anayeuza dagaa mpakani akauliza kaunta, “Ni Mzee njo alichinja?” Msichana wetu wa kaunta, Mungu ambariki, hakufundishwa kusema uongo. Akasema Mzee anaumwa, amechinja ndugu yake. Yule mama hakugomba. Alisukuma sahani mbele kwa kidole, akasema atakuja Mzee akipona, akatoka, na meza ya jirani nayo ikatoka. Habari ikapanda mlima kwa simu mpaka Kamembe. Alasiri nilikuta trei za nyama nzuri kabisa zimepoa, wakaangaji wamekaa, mafuta yanachemka bure.

Nilipomweleza baba, alitupa blanketi. Nilimzuia, nikalia hata. Alichinja wa jioni akiwa ameegemea ukuta, jasho likimdondoka kidevuni, na baadaye akapiga simu Ruhwa mwenyewe kuwaambia amesimama. Tangu siku ile sikumlaumu kwa sauti. Niliona kwamba hata yeye ameshikwa, isipokuwa yeye alikuwa anaupenda mtego wake.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema ndoa itafungwa Bukavu, nyumbani kwa mama mkubwa, palepale alipoolewa yeye. “Siwezi kupokea bantu ya heshima mu manyoya,” alisema. “Mutoto wangu ataolewa ku nyumba yenye haina tenga.” Baba akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikaketi nikapanga.

Nilipanga ndoa yangu kama ninavyopanga kazi ya sikukuu. Jumamosi. Nikaha saa nne asubuhi. Baba achinje wa mchana na wa jioni kwa pamoja alfajiri. Niliagiza barafu ya ziada, nikaazima masanduku. Mpaka unafunguliwa mapema, avuke na baba mdogo, akae kwenye mkeka na mkwewe, ampe mkono, aseme maneno ambayo baba mzazi anayasema, ale wali, arudi kabla ya adhuhuri. Kila tawi lina wake, kila simu ya “Ni weye?” ina jibu la kweli. Nilimwonyesha baba mpango huo hatua kwa hatua. Alinisifu. Alisema, “Hii njo masomo sasa.” Akaniahidi mbele ya mama.

Mimi na mama tulivuka siku mbili kabla. Nilipofika kwa mama mkubwa nililala kama mgonjwa. Walinipaka hina, wakanifukizia udi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilinusa kichwa changu na kukuta harufu ya mtu.

Jumamosi asubuhi nyumba ilijaa. Wanawake chumbani na uani, wanaume ukumbini kwenye mikeka, mashehe wamefika, bwana harusi amefika na kanzu yake nyeupe. Mimi nilikuwa kitandani nimefunikwa shela, hina ya asubuhi bado mbichi migongoni mwa mikono, nasikiliza sauti. Nikasikia salamu ya baba mdogo. Nikangoja ya baba. Nikasikia watu wanasogea kwenye mikeka, mtu anakohoa, kisha baba mdogo akaja mpaka mlango wa wanawake, akaniita kupitia pazia.

“Binti yangu, usikasirike. Mzee amenituma. Amenipa uwakili mbele ya bashahidi babili.”

“Papa iko wapi?”

“Ku kazi. Jana jioni bantu baliagiza kuku, ilikuya komande. Kubwa. Hakuweza kuikataa.”

Nilimwomba mama simu. Mama alinipa bila kunitazama, nikajua alikuwa tayari anajua. Baba akapokea upesi, kama anavyopokea za wateja.

“Papa, uko wapi?”

“Mutoto wangu, hongera. Niko hapa, niko nachinja. Ni ya ule muzee tajiri wa ku kanisa, mwenye nyumba za gorofa pale. Anaozesha binti yake leo.”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Unachinja ya ndoa ya binti ya muntu mwengine?”

“Bantu banafika mia na mia, na alisema anataka mukono yangu, hataki ya mwengine. Papa yako mudogo anajua maneno yote. Uwakili ni sheria. Mbele ya Mungu ni vile vile.”

Hapo hasira ikanipanda mpaka masikioni, na hina yote ile mikononi sikuweza hata kukunja ngumi. “Na kuku je, Papa? Kuku naye, Papa mudogo akimuchinja, mbele ya Mungu si ni vile vile?”

Nilisikia kuku mmoja analia karibu na simu. Aliponijibu hakuwa na ukali wowote, alinieleza tu kama mtu anayemweleza mgeni bei.

“Kuku, bantu banaulizaka,” alisema.

Nilimrudishia mama simu. Nililia, ndiyo, na mama mkubwa akapangusa wanja akaupaka upya, akisema kila bibi harusi hulia. Sikumjibu. Nilijiambia kimoyomoyo kwamba ni sawa, hii ndiyo mara ya mwisho kwa kuku kunifanyia hivi. Saa moja tu nivumilie, nitakuwa mke wa mtu wa vitambaa. Nilishikilia neno hilo kwa nguvu zangu zote. Ukumbini sauti zikatulia, shehe akasoma hotuba, na nikamsikia baba mdogo akitamka jina langu na la baba yangu, nimekuoza kwa uwakili, na bwana harusi akajibu amekubali. Alijibu kwa sauti imara. Vigelegele vikapasua paa, na mimi, pamoja na machozi yangu, nikafurahi. Nakiri nilifurahi kweli.

Kisha wakamleta chumbani, kama desturi, anishike kichwa na kunisomea dua. Wanawake wakajipanga mlangoni kuchungulia. Alikuwa amependeza, ananukia, uso unang'aa. Alinisomea dua bila kukosea. Alipomaliza, badala ya kutoka, akaketi kando yangu, na nikaona ana kitu kwapani, kimeviringishwa kwa kitambaa cheupe.

“Papa yako mudogo amenipa, kabla ya kusimama,” alisema. “Zawadi ya Mzee. Amesema nikufungulie weye wa kwanza.”

Akakunjua. Kilikuwa kisu kipya cha kuchinjia, kirefu, mpini wa mti mweusi. Kwenye mpini baba alikuwa ameandikisha kwa mtu wa kuchonga mihuri sokoni herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe, ile ile iliyokuwa kwenye mpini wa chake.

Nilidhani ni mzaha wa wakwe. “Utafanya nacho nini?”

“Mzee amenikubali,” akasema kwa furaha. “Amenifundisha miezi yote ile, hukuona? Alisema kuku haiwezi kuvuka mpaka, basi mukono njo ivuke. Ndugu yake bantu balimukataa, lakini mume ya binti yake, hapana, ule ni wa nyumba. Atasimama ku musikiti Ijumaa aseme: kwa Bukavu, huyu ni miye.”

“Ku Bukavu wapi?”

“Pale pale dukani. Vitambaa haviuzike tena, Maman. Nilificha nisikutie mawazo. Nilishaanza kuzitoa, mchoraji anaandika ukuta juma hili.”

Nilikumbuka alivyokuwa juu ya lile tenga, akiuliza kuku wanakula nini, nami nikipita na ndoo zangu, nikishukuru Mungu kwamba wanaelewana. Mlangoni wanawake walikuwa wameona kisu, wakadhani ni mila ya kwetu, wakapiga vigelegele vingine. Mama alikuwa kati yao. Alipiga na yeye, kwa sauti ndogo, huku akitazama chini.

“Na nani ataiongoza?” nikauliza, ingawa nilishajua.

Akanicheka kwa mapenzi, mapenzi ya kweli, sikuona hila yoyote machoni mwake. “Sasa nani mwengine anajua hii kazi kama weye?”

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani nimeozwa, kumbe nimefunguliwa tawi. Baba yangu hakuja kwenye ndoa yangu kwa sababu kwake ile haikuwa kuniaga. Alikuwa ananihamisha kituo.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuvua shela na kutoka kwa miguu mpaka ziwani, nikae peke yangu kwenye jiwe. Nilibaki nimeketi, mikono juu ya mapaja, nikingoja hina ikauke. Mume wangu akakiviringisha kisu taratibu kwenye kitambaa chake, akakiweka juu ya mto wa kitanda, kisha akakaribia sikioni kwangu kama anayetaka kuniambia neno la wanandoa wapya.

“Niambie kitu kimoja tu,” alinong'ona. “Mafuta ya kukaangia, tutanunuaka huku, ao tutatoa ng'ambo?”

Na mimi nikamjibu. Nikamwambia ng'ambo, kwetu Kamembe, kwa sababu ya huku wanayachanganya, na povu lake linapanda mapema.